Hivi bado kuna mtu anasikiliza albamu nzima bila kuruka hata wimbo mmoja?

SaidiB

Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa, nyumbani nikilianzisha naona wananiangalia tu, nikaona nilete hapa kwa watu wanaopenda muziki.

Nina miaka 43, nimekulia kwenye kaseti. Kaka yangu mkubwa alikuwa na redio kaseti ya spika moja na kaseti zenyewe hazikufika kumi, na kati ya hizo kuna moja ndo ilikuwa inapigwa kila siku ya Mungu. Saidi A tamu mwanzo mwisho. Saidi B ilikuwa na wimbo wa nne ambao mimi nilikuwa siutaki kabisa, wa taratibu, mrefu, mwimbaji anaimba kama mtu aliyetoka safari, alafu katikati kinanda kinabaki peke yake muda mrefu bila ngoma. Sasa kuuruka haikuwa rahisi, mliokulia kwenye kaseti mnajua, ukifowadi unakisia tu, unabonyeza plei unakuta uko katikati ya wimbo unaofuata, unarudisha, unapitiliza tena kwa nyuma, na betri zinaisha kwa kazi hiyo kuliko hata kwa kupiga muziki wenyewe. Kaka alikuwa mkali sana kwenye betri. Kwa hiyo tukawa tunauacha unaimba.

Sijui ni lini ule wimbo uliniingia. Ninachokumbuka kuna jioni niko peke yangu nakunja nguo, ukaanza, nikajikuta nimesimama na shati mkononi mpaka ukaisha. Na kaka alipoondoka nyumbani kwenda kuanza maisha yake, kaseti akaniachia, ule ndo wimbo niliokuwa naupiga usiku. Mpaka leo zile za saidi A nazikumbuka kama nyimbo nzuri tu, ila huo wa nne wa saidi B ni wangu, yaani uko ndani yangu, naweza kukuimbia kile kinanda chote kwa mdomo bila kukosea.

Saivi nina simu ambayo naweza kusema inabeba nyimbo zote duniani. Juzi nilikuwa nimekaa namsubiri mtu nikaamua kujihesabu, sijui wazo lilitoka wapi. Ndani ya dakika ishirini nilikuwa nimegusa nyimbo kumi na saba na nimemaliza mbili. Na hizo mbili nilizomaliza nilikuwa nazijua tayari! Zile kumi na tano kila moja nimeipa sekunde nane, kumi, nikiona haijanishika kidole kimeshaenda. Ikanipiga hapo hapo kwamba ule wimbo wa nne, ungekuja kwangu leo, ungekufa kwenye sekunde ya nane. Nisingejua kama umewahi kuwepo.

Nikarudi nyumbani nikasema leo nasikiliza albamu moja mpaka mwisho. Wimbo wa kwanza sawa, wa pili sawa, wa tatu nikashtuka nimeshika simu nasoma meseji na sijui wimbo umefika wapi. Niliumia kusema kweli, kwa sababu muziki ndo kitu ambacho siku zote nimejiambia nakipenda.

Swali langu wakuu, ninyi mnasikilizaje? Mara ya mwisho kuacha albamu ikaisha yenyewe ni lini? Na hili ndo hasa nataka jibu lake: kuna wimbo wowote, wa miaka hii ya simu, ambao mwanzo hukuupenda alafu ukaupenda kwa sababu tu ulikaa nao?

---

fundi_sauti

Mkuu SaidiB umegusa penyewe. Mimi kazi yangu ni sauti, nimekaa nyuma ya mitambo zaidi ya miaka ishirini, naomba nielezee upande wa vyombo maana watu wengi wanadhani albamu ilishuka kutoka mbinguni ikiwa na nyimbo kumi na mbili.

Zamani za santuri zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulikuwa unabeba kama dakika tatu tu. Ndo maana wimbo wa kawaida ukawa dakika tatu, siyo kwamba masikio ya binadamu yanachoka dakika ya nne. Ukitaka kazi ndefu unanunua sahani kadhaa zikiwa zimepangwa kwenye mifuko iliyofungwa pamoja kama kitabu, kama vile albamu ya picha, na hapo ndo jina albamu lilipotoka. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia wakaleta santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, upande mmoja ukawa unaweza kubeba dakika ishirini na kitu, na hapo sasa mwanamuziki akapata uwanja wa kupanga safari.

Na safari yenyewe ilipangwa na sindano, hiki kitu nakipenda sana. Sahani inazunguka kwa kasi ileile muda wote lakini sindano ikikaribia katikati duara linakuwa dogo, kwa hiyo sauti ile ile inabanwa kwenye njia fupi zaidi, na sauti za juu, matoazi, herufi s za mwimbaji, zinaanza kukwaruza. Mafundi wakajua kwamba mwisho wa kila upande ni bora uweke wimbo mpole. Kwa hiyo mkuu usishangae zile nyimbo za taratibu zilikuwa zinakaa mkiani. Kaseti ya Philips ilikuja 1963 na haikuwa na tatizo hilo la duara, lakini ikarithi saidi A na saidi B na ikarithi na mpangilio. Sijui kaseti yenu ilikuwa ipi, ila huo wimbo wako wa nne wa saidi B una harufu ya kazi iliyopangwa kwa sindano.

Lakini tusidanganyane pia. Ilipokuja CD mwaka 1982 yenye nafasi ya dakika 74, watu wakaanza kujaza. Nimenunua CD nyingi sana zenye nyimbo tatu za maana na kumi na moja za kujazia, na bei ni ya nzima. Hasira ile ndo ilifanya watu wafurahi mwaka 2003 Apple walipofungua duka lao la iTunes wakauza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 za Marekani. Mimi nilifurahi. Sikujua kwamba nikiuchukua ule mmoja ninaoujua, zile nyingine ambazo ningezizoea sitakutana nazo tena.

Na saivi Spotify, ile app ya kusikilizia muziki mtandaoni, wanahesabu umesikiliza ukifika sekunde 30. Mtunzi anajua. Anakuja studio anakwambia fundi, kata intro (ule muziki wa mwanzo kabla ya kuimba), leta kiitikio mbele, mtu atakimbia. Nimekata intro nzuri sana kwa mkono wangu mwenyewe. Kuna moja ya gitaa, sekunde arobaini, kijana alipiga mara moja tu akiwa amefumba macho, tukaiondoa yote. Ninayo kwenye kompyuta mpaka leo sijaweza kuifuta.

---

kijana_wa_repeat

Shikamooni wakubwa. Nina miaka 21 na naomba nipinge kwa heshima, maana kila uzi wa hivi ukianza tunaonekana sisi ndo tumeua muziki.

Kwanza hiyo kaseti mzee SaidiB haukuichagua. Ilikuwepo hiyo tu. Ungekuwa na nyimbo zote duniani ukiwa na miaka kumi na mbili na wewe ungeruka, tena ungeruka kuliko mimi. Mnaita uvumilivu kitu ambacho kilikuwa ni kukosa njia nyingine, na mimi sisemi kwamba hakikuzaa kitu kizuri, nasema tu msituhukumu kwa kitu ambacho na ninyi hamkukichagua.

Pili mnasema hatukai na wimbo. Mimi wimbo ukinishika naweka urudie, naweza kuusikiliza mara arobaini kwa siku moja, siku tatu, mpaka najua mwimbaji amevuta pumzi wapi. Kuna pumzi moja namjua nayo mwimbaji fulani, kabla ya ubeti wa pili, anavuta kama mtu anayetaka kulia akaghairi, nina uhakika ninyi wenye albamu nzima hamjaisikia. Hiyo siyo kusikiliza?

Tatu urefu. Watu wanalalamika nyimbo zimekuwa fupi, wanataja Old Town Road ya Lil Nas X iliyovuma mwaka 2019 kwamba ile ya kwanza haifiki hata dakika mbili. Sawa. Lakini Bohemian Rhapsody ya Queen ya 1975 inakaribia dakika sita na watu wa umri wangu wanaijua yote na hawairuki. Na fundi hapo juu ametuambia mwenyewe kwamba dakika tatu zenu zilitokana na sahani. Kwa hiyo kila zama ina kipimo chake na kila mtu anadhani cha kwake ndo cha asili.

Nne, na hii ndo inayoniuma zaidi. Mimi natengeneza pleilisti. Siyo zile za kuchaguliwa na mashine, natengeneza kwa mkono, naweza kukaa wiki nzima napanga nyimbo kumi na nne, huu usikae karibu na huu maana ngoma zinagongana, huu uanze wakati ule umeishia kwenye ukimya. Namtengenezea rafiki yangu akiwa na shida, au dada yangu alipoanza kazi mbali na nyumbani. Ninyi mlikuwa mnarekodi kaseti za mchanganyiko kutoka redioni, kidole kiko juu ya kitufe mnasubiri mtangazaji anyamaze, na mlikuwa mnapeana kama zawadi, baba ameniambia. Sasa hiyo na yangu zina tofauti gani?

Lakini swali lako la mwisho mzee nimelifikiria tangu jana usiku. Wimbo ambao sikuupenda alafu nikaupenda kwa kukaa nao. Nimepitia list yangu yote. Sijaupata.

---

Mama wa Wawili

Nimesoma nikaona wote mnazungumzia kukaa na kusikiliza. Jamani nani alikuwa anakaa? Mimi tangu msichana muziki nausikia nikiwa nafanya kazi, nadeki, nafua, naosha vyombo, mikono ina maji kwa hiyo hata kama nataka kuruka siwezi. Ndo maana nakubaliana na SaidiB kuhusu kidole. Mikono ikiwa na maji masikio yanapata nafasi yao. Hata saivi nyimbo ninazozijua kwa undani ni zile zilizonikuta na povu mikononi.

Ila mimi nilichopoteza siyo albamu. Nilichopoteza ni muziki wa watu wengine. Nyumbani kwetu chombo cha muziki kilikuwa kimoja, kipo sebuleni, baba akiweka vyake mnasikia wote, mama akiweka vyake mnasikia wote, kaka zangu hivyo hivyo na ugomvi juu. Nyimbo za mama yangu nilikuwa sizitaki hata kidogo. Leo mama hayupo, nikisikia moja tu kwa mbali, hata iwe sehemu ya watu wengi, nasimama. Nisingezijua zile nyimbo kama kila mtu nyumbani angekuwa na hedifoni zake.

Sasa angalia kwangu. Nina binti wa miaka 15 na mdogo wake wa kiume 11. Tuko wanne ndani ya nyumba, muziki unapigwa masaa yote na nyumba iko kimya. Kila mmoja na hedifoni. Binti yangu nilikuwa namwona anatikisa kichwa, anafumba macho, mara machozi yanamlenga, na mimi mama yake sijui anasikia nini. Ni kitu cha ajabu kuwa mita mbili na mtoto wako anayelia kwa wimbo usioujua.

Miezi mitatu iliyopita nikaweka utaratibu, na sikujua kama watakubali. Jumapili jioni tunapiga pasi na kupanga nguo za wiki, wote wanne, simu zinakaa chumbani, mtu mmoja kwa zamu anachagua albamu moja, inapigwa kwenye spika mpaka mwisho na hakuna anayeruhusiwa kuigusa wala kuisema vibaya mpaka iishe. Zamu ya kwanza ya mdogo ilikuwa ngumu, kelele tupu, baba yake alikuwa anapiga pasi huku amekaza taya. Zamu ya binti ilipofika aliweka albamu ya dada mmoja anaimba taratibu sana, karibu ananong'ona. Mimi niliona inachosha. Ilipofika kama wimbo wa sita hivi nikaanza kusikiliza maneno, ni wimbo wa msichana aliyeachwa na marafiki zake wote kwa pamoja bila kuambiwa kosa lake. Nikamwangalia binti yangu, alikuwa anakunja soksi moja ile ile, anaikunja anaikunjua.

Sikumuuliza pale. Usiku nikaenda kitandani kwake nikamwambia ule wimbo wa sita nimeupenda. Akaniambia yote. Ilikuwa ni shuleni, na ilikuwa imeanza mwezi mzima kabla. Mwezi mzima mtoto anabeba kitu hicho na jibu lilikuwa linaimba masikioni mwake, mimi silisikii.

Kwa hiyo SaidiB jibu la swali lako ni ndiyo, ninao mmoja. Ni huo wa sita.

---

fundi_sauti

Mama wa Wawili nimesoma ya kwako mara mbili. Naongeza kitu kidogo tu. Walkman ya kwanza kabisa ya Sony, kile kicheza kaseti kidogo cha kutembea nacho, ile ya mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, siyo moja. Ilikuwa na kitufe cha rangi ya chungwa pia, mkikibonyeza muziki unashuka na mnaweza kusemezana kupitia maiki ndogo iliyomo. Akio Morita mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa Sony, aliyekuwa anaisukuma hiyo bidhaa alihofia kwamba mtu kusikiliza muziki peke yake mbele ya wenzake ni utovu wa adabu. Baadaye ikaonekana wanunuzi wanaitaka kama kitu cha mtu binafsi, tundu la pili likaondolewa. Nimewahi kuishika moja mkononi, nikaangalia yale matundu mawili muda mrefu.

---

Msomaji tu

Mimi naona ni umri, samahanini. Wanasaikolojia wameshaona kwamba mtu mzima akiulizwa kumbukumbu zake, nyingi na zenye nguvu zinatoka miaka ya ujana, kama kuanzia kumi hivi mpaka thelathini. Muziki uliokukuta hapo unakaa. SaidiB angekuwa na miaka 43 wakati wa ile kaseti ungempita tu.

Kuhusu kuzoea wimbo ni kweli kuna mwanasaikolojia Robert Zajonc alichapisha utafiti mwaka 1968, aliwaonyesha watu maneno na alama wasizojua maana yake, zile walizokutana nazo mara nyingi wakazipenda zaidi. Kwa hiyo siyo lazima wimbo wa nne uwe mzuri. Ulirudiwa, basi.

---

SaidiB

@Msomaji tu nashukuru, sikujua hayo. Lakini kama ni kurudiwa tu mbona kuna matangazo ya redio niliyoyasikia mara elfu na bado siyapendi? Kaseti ile ilikuwa na nyimbo kumi zote zilirudiwa sawasawa, na ni huo mmoja ulionifanya nisimame na shati mkononi. Nakubali kurudia kulifungua mlango. Aliyeingia ni nani hilo ni jambo jingine.

---

gizani_ukumbini

Mimi mtu wa filamu, niseme kwa ufupi maana uzi ni wa muziki. Kwetu ni hivyo hivyo. Netflix waliweka kitufe cha kuruka utangulizi mwaka 2017, na siku hizi unaweza kuangalia filamu kwa mara moja na nusu ya kasi yake. Walipoanza kuijaribu hiyo ya kasi mwaka 2019 waongozaji wa filamu walilalamika hadharani, na wakaiweka hata hivyo mwaka uliofuata. Nina jamaa yangu anaangalia kila kitu hivyo, ananiambia anaokoa muda. Nikamuuliza unafanyaje pale mtu anapopewa habari mbaya akakaa kimya, mwongozaji ameuacha ule ukimya sekunde kumi na mbili makusudi, akaniambia zinakuwa nane. Mimi sikuwa na la kumjibu, lakini nilisikitika sana, kwa sababu yule mtu kwenye filamu alihitaji zile kumi na mbili.

Kitu kimoja tu kinachotuokoa sisi ni ukumbi wenyewe. Taa zikizimwa huwezi kupeleka mbele, umekaa na watu usiowajua na filamu inakwenda kwa mwendo wake. Filamu nyingi ninazozipenda kwa dhati zilinichosha dakika ishirini za kwanza. Ningekuwa na kidole nisingefika dakika ya ishirini na moja. Nadhani ninyi wa muziki mnatafuta ukumbi wenu na Mama wa Wawili ameshaupata, ni pale penye pasi.

---

kijana_wa_repeat

Mama wa Wawili pole sana, na mpe pole dada. Na umenifanya nijione kitu. Mimi pleilisti ninazowatengenezea watu sijawahi hata mara moja kukaa nao wakati wanazisikiliza. Natuma linki, ananijibu na moyo mwekundu, basi. Sijui kama wameruka. Sijui hata kama dada yangu alifika wimbo wa tatu. Nimemuuliza leo asubuhi, akaniambia ukweli, alisikiliza mbili. Wa kwanza na ule anaoujua.

Fundi, samahani nauliza, ile intro ya gitaa sekunde arobaini, yule kijana aliyepiga anajua kama bado unayo?

---

fundi_sauti

Hajui. Na swali lako limenikalia vibaya siku nzima. Namba yake ninayo, nitampigia wiki hii.

Na kuhusu ya dada yako usivunjike moyo. Hata wakubwa wanapigania hilo. Novemba 2021 mwimbaji Adele alipotoa albamu yake inayoitwa 30 aliwaomba Spotify kile kitufe cha kuchanganya nyimbo kisiwe ndo cha kwanza kwenye kurasa za albamu, na wakakiondoa pale. Kuzichanganya bado unaweza ukitaka, lakini inabidi utake. Nadhani hilo ni sawa kabisa, kuruka kuwepo ila mtu awe amekusudia.

---

SaidiB

Wakuu nimerudi. Juzi na jana nimefanya kama Mama wa Wawili alivyosema, ila mimi sina pasi za wiki, nilichukua kazi ya kupanga vitabu na makaratasi yangu ambayo yamekaa kwenye maboksi tangu nihamie. Simu nikaiacha chumba kingine, nikatumia kompyuta na spika. Albamu nilimwachia mwanangu mkubwa achague, nikamwambia usinichagulie ya kunifurahisha.

Siku ya kwanza wimbo wa tano niliuona mbaya sana, sauti ya mwimbaji imepitishwa kwenye mashine mpaka siyo ya mtu tena. Mkono uliondoka kwenye boksi mara mbili kwenda kwenye kompyuta, nikaurudisha. Jana nikapiga tena yote. Wimbo wa tano bado siupendi, nisiwadanganye. Ila safari hii nilisikia kwamba nyuma ya ile mashine, kwa chini kabisa, kuna mtu anapiga kinanda polepole na hajali kabisa kelele za juu yake. Nimemwambia mwanangu, akaniangalia, akasema baba hata mimi sijawahi kukisikia, akakaa chini kwenye maboksi tukarudisha mwanzo.

Kijana wa repeat, ulinipinga vizuri na mengi uliyosema nayakubali, kwamba sikuichagua kaseti ni kweli tupu. Sasa nakuomba kitu. Niletee moja ya hizo pleilisti zako unazopanga kwa mkono, ile ya nyimbo kumi na nne kama ipo. Nina maboksi manne bado. Nakuahidi sitaruka hata mmoja, na nikimaliza nitakuja hapa kukwambia pumzi ile ipo wapi.

---

kijana_wa_repeat

Mzee nimeipanga upya usiku kucha, nimekutumia inboksi. Ni dakika hamsini na moja.

Wa tisa utauchukia. Niliuweka hapo makusudi, usiuruke.